Land Rover ya jeshi, mwezi wa tano: nyaya za watu wengine

Betri ya tatu imekufa Jumanne. Nimeitoa nikaipanga verandani kando ya zile mbili zilizotangulia. Mama watoto alipita na beseni la nguo, akaniuliza kama nafungua duka.

Kwa mliojiunga sasa: huu ni mwezi wa tano nalifufua gari hili. Ni Land Rover Series III aina ya Lightweight, yaani "nyepesi", lililokuwa la jeshi la Uingereza. Nililikuta kwenye yadi ya skrapu upande wa Mukono, hapa Uganda, kuku wamelala ndani, nikalileta Bombo juu ya lori. Hili ni lile jembamba, lenye upana wa mita 1.52 tu, kwa sababu walitaka mawili yakae ubavu kwa ubavu ndani ya ndege ya mizigo ya Argosy. Wepesi wa jina lake ni wa kuvuliwa nguo: ukitoa milango, turubai, kioo cha mbele na bamba za juu, helikopta inalibeba. Likiwa limevaa kila kitu, ni zito kuliko Land Rover ya kawaida ya urefu uleule.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeshakata shauri la kubadilisha injini. Fundi wangu wa Katwe alilizunguka mara moja, akapiga bodi kwa kifundo cha kidole, akasema, "Ssebo, hii petroli itakumaliza. Ninayo 3L, injini ya Toyota ya kamunye, zile daladala zetu, dizeli safi. Nakupachikia ndani ya wiki mbili." Hakukosea hesabu. Injini ya gari hili, ya cc 2286, inakunywa lita moja kwa kilomita sita ninapoenda mjini, na pale Bwaise foleni ikisimama, inakunywa bila kwenda popote. Nilishatenga pesa ya kumtangulizia.

Aliyenichelewesha ni mzee jirani, ambaye ujanani alikuwa askari. Jioni anakuja, anakaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anatazama. Nilipomwambia habari ya 3L hakubisha. Alianza kunieleza bunduki ya .303, Lee-Enfield, waliyofundishwa nayo gwaride. "Mwanangu, ile boliti yake, springi inabana unaposukuma mbele, si unapofungua. Siku ya kwanza unaona imekwama. Wiki ya pili mkono umeshajua, unafungua kama unafunua kitabu." Akanionyesha kwa mkono mtupu: juu, nyuma, mbele, chini. Miaka ile yote na kiganja hakijasahau.

Habari ya bunduki hizo nimewahi kuisoma. Baada ya vita ziliuzwa kwa raia kwa bei ya kutupa huko Uingereza, Marekani na Kanada, na watu wengi walizikata mbao, wakafupisha mtutu, wakatoboa chuma wafunge darubini, wapate bunduki ya kuwindia. Leo wakusanyaji wanahangaika kutafuta ambayo haikuguswa. Lakini sikubali moja kwa moja kwamba waliokata walikuwa wajinga. Mtu anataka nyama, ana bunduki ya bei rahisi na msumeno. Ningekuwa mimi ningekata.

Basi, turudi kwenye betri. Gari langu lilitengenezwa kubeba redio: volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo, na jenereta ya ampea 90. Hata distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na nyaya za plagi zilivikwa chuma ili cheche zisiingie kwenye mawasiliano. Mimi nilichokuwa nacho ni distribyuta ya kawaida na koili ya volti 12. Jumatano nikalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nikafuata waya mmoja mwekundu. Umefungwa kwa selotepu, ukaungwa kwa waya wa kahawia wa nyumbani, ukapita chini ya kiti, ukaishia katikati ya betri mbili. Mtu fulani, sijui mwaka gani, alitaka volti 12 akazichota kwenye betri moja tu.

Nikawasha injini nikaweka mita. Betri moja ilisoma 13.0, nyingine 15.1. Ndiyo hiyo. Moja inalisha koili, taa na honi. Nyingine haina kazi isipokuwa kusaidia kupiga stata. Jenereta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba mmoja ana njaa na mwenzake ameshiba. Mwenye njaa hashibi, na aliyeshiba anamiminiwa mpaka maji yanachemka. Betri tatu nimenunua, nikilaumu wauzaji, nikililaumu jeshi la Uingereza.

Nikachukua karatasi nikaandika kero zote za gari hili. Swichi ya waipa inayowasha taa kubwa: si ya kiwandani. Harufu ya petroli: bomba la maji ya bustani mahali pa bomba la mafuta. Gia kubwa na ndogo kugoma: lile rungu jekundu lilikuwa limekunjwa kwa nyundo lipishe kasha la spika. Kati ya kero kumi na moja, nane ziliwekwa na watu waliokuwa wakilirahisisha.

Kwa hiyo nimerudi volti 24, na kumbe ndiyo njia rahisi: balbu za 24 ziko kila duka la spea za lori, Kisekka zimejaa. Koili inapata 12 zake kupitia kibadilisha umeme cha lori mpaka nipate distribyuta yenye vazi lake. Breki nimebadilisha silinda na mipira yote, na nimefunga mikanda ya begani. Hapo sitaki historia. Fundi wa Katwe anasema 3L bado ameifunika turubai, ananisubiri. Tatizo ni kwamba kuipachika lazima akate chesesi, yaani fremu ya gari, na chesesi iliyokatwa hairudi.

Jumamosi tulikuwa na harusi Luweero, safari ya kwanza ya familia. Tukaingia petroli stesheni. Kijana wa pampu alilizunguka gari mara mbili akitafuta kifuniko. Matangi ya gari hili ni mawili, na midomo yake iko chini ya viti. Ikabidi mama watoto ashuke na gomesi lake jipya, gauni la sherehe, asimame kando ya pampu ameshika mto wa kiti, bodaboda wote wanatazama.

"Na hili," akaniuliza, "ni la nani? La yule wa selotepu?"

"Hapana," nikamwambia. "Hili ni la jeshi lenyewe."