Sifuri na kistari

Jumatano, katikati ya Mei

Leo tumeukuta mtego umesimama. Nilijua kabla sijaufikia, kwa sababu kilichosikika ni maji tu. Siku nyingine unausikia toka njiani, unaguruma kama kinu. Gogo nene kama paja langu lilikuwa limejichomeka mdomoni, na matawi yake yamesokotana ndani.

Kwa asiyejua nilikoishia: msimu huu niko mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani, nahesabu vifaranga vya samoni wanaoteremka kwenda baharini. Mtego wenyewe ni koni kubwa ya chuma inayoelea kati ya maboya mawili, mdomo umeelekezwa maji yanakotoka. Mto ndio unaoizungusha. Ndani kuna bati lililojisokota kama parafujo, kwa hiyo kifaranga akishaingia harudi nyuma, anasukumwa mpaka kwenye sanduku la maji yaliyotulia. Wengi husafiri usiku, ndiyo maana sisi tunafika alfajiri, na mikono inakufa ganzi kwa maji ya theluji.

Juzi sandukuni walijaa. Leo koho, aina mojawapo ya samoni, kumi na mmoja tu.

Tukawapima hao hao. Unawatia kwenye ndoo yenye dawa ya usingizi, wachache wachache, unangoja waanze kulalia ubavu. Mkono lazima uwe umelowa, maana magamba ya hawa wanaokaribia bahari yanabanduka kwa kuguswa tu. Unamlaza kwenye ubao wenye rula, unasoma kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia. Milimita 104. 98. 111. Wakiwa wadogo wana mabaka meusi ubavuni, kama mtu kawapaka vidole vya masizi. Wakikaribia kuondoka wanageuka rangi ya fedha, na mwili unajiandaa kwa chumvi ambayo bado hawajaionja. Mmoja leo alikuwa katikati ya safari hiyo. Ukimwinua juani anang'aa, ukimgeuza kidogo mabaka yanarudi. Nilikaa naye kuliko inavyoruhusiwa, nikaambiwa nimrudishe majini.

Baadhi tunawakata ncha ya pezi la mkia na kuwaachia tena mtoni, upande wa juu, kabla ya mtego. Ukiachia 100, wakanaswa tena 8, basi kila 8 unaowaona wana wenzao 92 waliokupita. Hesabu yote ya mto imesimama hapo.

Kwenye karatasi, safu ya samoni aina ya chamu, nikaandika 0. Msimamizi wetu akanyoosha mkono, akaifuta, akaweka kistari. Sifuri, akasema, ni pale tulipotazama tukakosa. Usiku wa jana hatukutazama, gogo lilitazama. Na wale kumi na mmoja akawaandikia pembeni kwamba mtego ulisimama, saa haijulikani.

Neno hilo limenisumbua mchana kutwa, labda kwa sababu ya mto huu wenyewe. Bwawa la kwanza lilikamilika 1913, kama kilomita 8 tu kutoka baharini, na hawakuweka njia ya samaki kupandia. La pili, Glines Canyon, likafuata 1927. Samoni aliyetoka baharini akawa anagonga ukuta. Watu wa Lower Elwha Klallam, wenye mto wao, walidai miaka na miaka, hadi mabwawa yakaanza kubomolewa 2011, kazi ikaisha 2014. Karibu miaka 100 ya sifuri halali kule juu.

Usiku nikampigia mama, Musoma, kule ndio kunakucha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza gogo, dawa, rula. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mnawakamata, mnawalewesha, mnawapima, halafu mnawaachia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnalipwa."

"Tunalipwa."

"Haya." Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza habari za ningu, samaki wa Ziwa Victoria: zamani mvua zikinyesha walivyokuwa wakipanda mto Mara kutoka ziwani kwenda kutaga, na bibi akiwakausha juani. Nyavu za kwenye midomo ya mito ziliwamaliza ziwa zima, hilo hata yeye analijua. Nikamuuliza siku hizi wapo wangapi.

"Sokoni siwaoni," akasema. "Mtoni sijaenda."

Kesho zamu saa kumi na nusu alfajiri. Msumeno nimeshautia garini.