Nimetunza kama kwetu, nimeamkia mtandaoni

Jana asubuhi Ibu kos, mwenye nyumba ninapopanga hapa Malang, Indonesia, alinigongea na simu mkononi. "Ini kamu, ya?" Huyu si wewe? Ni mimi, na shati la batiki, namnyooshea mwimbaji noti ya rupia 5,000. Watazamaji wameshapita laki moja. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Ilikuwa harusi ya jirani. Jawa Mashariki harusi nyingi ni dangdut koplo, muziki wa dansi wa huku: ngoma ya kendang inakwenda mbio, biduan, yaani mwimbaji, anaimba, watu wanapanda jukwaani mmoja mmoja kumtunza. Wenyewe wanaita sawer. Mimi mtu wa Tanga ningekaaje kitini? Hata dangdut yenyewe imechota kwenye nyimbo za filamu za Kihindi, kama taarab yetu. Noti ile haifiki elfu moja ya kwetu, ila niliitoa kwa heshima, mkono wa kulia, kichwa nimeinamisha.

Kilichoniuma ni maoni. Wengi walifurahi, sikatai. Lakini wapo walioona rangi yangu tu, wakaandika "item", mweusi, na kubandika picha za nyani. Miaka mitatu nimevumilia kuitwa "Mister" na kupigwa picha sokoni, kwenye angkot, daladala za huku, hata nikitoka msikitini. Uso wangu si mali ya umma!

Najua simu hizohizo zimewainua wengine. Farel Prayoga, mtoto wa Banyuwangi, hukuhuku Jawa Mashariki, aliyekuwa akiimba mitaani, alivuma kwa video za YouTube. Tarehe 17 Agosti 2022, akiwa na miaka 12, akaimba "Ojo Dibandingke", yaani usinilinganishe, Ikulu ya Jakarta mbele ya Rais Joko Widodo, na mawaziri wakainuka kucheza. Siku hizi hata sawer imehamia mtandaoni: biduan anaimba mubashara chumbani kwake, mashabiki wanamrushia zawadi. Ni haki yake, kajianika mwenyewe na anakula jasho lake. Mimi nilianikwa.

Mnaojaza fomu za ufadhili wa kuja kusoma huku, njooni. Chakula ni rahisi na watu ni wakarimu. Ila kabla ya "terima kasih", asante, jifunzeni "jangan direkam, Mas", usinirekodi, kaka. Semeni taratibu, Mjawa ukimpandishia sauti, umeshamkosa.

Ibu kos aliondoka bila neno. Jioni akarudi na kijana aliyerekodi, mpwa wa bwana harusi, macho chini, kashika boksi la wali na kuku. Akaifuta video mbele yangu, akanipa mkono. Nakala zake bado zinazunguka, na moja imefika Tanga. Mama amenipigia usiku. Ameiangalia mara nne, maana hajaniona nikicheza tangu harusi ya dada.