Gunia la Mwezi wa Kenda

Babu alitoka ndani ya nyumba na gunia begani, hakuna kingine. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, saa moja ya usiku imepita kidogo, na mbingu juu ya volkano ya Nyiragongo ilikuwa nyekundu hata tukaonana sura bila taa. Pale Buhene, kaskazini ya mji wa Goma huku Kongo, kila mtu alikuwa anatoa alichowahi: godoro, televisheni, sufuria, mbuzi. Mimi nilikuwa nimefika mchana kumsaidia kung'oa maharagwe yaliyotangulia kukauka. Nilikuwa nimeshika redio yake na blanketi mbili, nikimpigia kelele aache lile gunia tubebe godoro.

"Hii ni ya mwezi wa kenda," akasema, akatangulia barabarani.

Ndani mlikuwa na maharagwe ya mbegu, kama kilo 20, yamekorogwa na majivu ili fukusi wasiyale. Hayakuwa ya rangi moja. Mlikuwa na mekundu, ya manjano, meusi, meupe yenye madoa, na kila rangi aliijua tabia yake: hii inavumilia mvua nyingi, hii inakubali ardhi nyembamba, hii inaiva upesi watoto wasingoje. Aliyapanda yote pamoja. Mwaka wowote ukiharibika, kuna rangi moja ingesimama.

Kwa nini mbegu za Septemba zilikuwa tayari guniani mwezi wa tano, wakati wenzake wote walikuwa wanangojea mavuno ya Juni? Sababu yake ilikuwa ya zamani. Tarehe 10 Januari 1977 volkano ilipotoka, Babu alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na mavuno yake yote yalikuwa ndani ya nyumba. Ule moto wa 1977 ulikimbia kama maji. Walitoka na mtoto tu. Mwezi wa pili alikwenda kwa wakwe zake kuomba mbegu, na nadhani aibu ya siku ile haikumtoka kabisa, maana alituhadithia mara nyingi na kila mara alishusha sauti. Tangu hapo, kila Januari alitenga sehemu ya mavuno na hakuipanda Februari. Iliruka msimu mzima ikimngojea Septemba. Mwaka 2002, moto ulipopita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, shamba lake halikuguswa, lakini desturi hakuiacha.

Usiku ule tulitembea na umati hadi Mugunga, magharibi ya mji. Kijana mmoja mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alitupakilia gunia kwa kipande cha njia, tena bila kuomba franka. Mungu ambariki popote alipo. Asubuhi tulisikia kwamba moto umesimama karibu na uwanja wa ndege, lakini Buhene yenyewe imeliwa. Tukarudi kwa Mama, mjini Goma. Ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, na alfajiri ya tarehe 27 ikatangazwa kwamba kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za Goma zihame. Barabara ya kwenda mji wa Sake, upande wa magharibi, ikajaa tena. Gunia likasafiri tena.

Sake tulilala kwenye uwanja wa kanisa, watu sita kwenye hema moja. Babu alilalia gunia kama mto. Siku ya tatu unga ulikwisha. Mama alimpigia magoti.

"Papa, watoto wamelala na chai tupu. Nipe hata makopo mawili niwapikie."

Alikataa. Hakufoka, alitikisa kichwa tu, mkono ukiwa juu ya gunia. Mama akalia. Hapo mimi nikasema neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia kwamba mbegu za shamba lililokufa si mbegu tena, ni chakula, na kwamba anawanyima wajukuu wake kwa ajili ya mawe.

Hakunijibu. Asubuhi sikumkuta. Alirudi jua likizama, na kikapu cha viazi vitamu na fungu la sombe, majani ya muhogo, suruali imejaa udongo hadi magotini. Alikuwa ameazima jembe, akapanda vilima vya upande wa Kirotshe, akalima shamba la mama mmoja kutwa nzima kama kibarua. Kadi yake ya uchaguzi ilisema alizaliwa 1945. Mtu aliyelima chake maisha yake yote, miaka 76, alikwenda kulima cha watu ili asifungue gunia.

Alikwenda na kesho yake. Siku ya tatu nilimfuata. Sikuwa nimeomba msamaha, na yeye hakuuliza kwa nini nimekuja, alinionyesha tu mahali pa kuanzia. Siku ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko usiku wa moto. Udongo wa kule ni mzito na laini, unashuka na jembe bila kelele. Babu alipiga jembe mara mbili tatu, kisha akainama na mkono ukatafuta kitu chini. Akainuka bila kitu. Akapiga tena, akainama tena. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anatafuta jiwe.

Kwetu, upande wa Nyiragongo, mtu halimi bila kuokota mawe. Unapiga jembe, linalia, unainama, unalitoa jiwe la volkano, unalitupa ukutani, ndipo unapata kiganja cha udongo mweusi. Ukuta unaozunguka shamba ndio hesabu ya miaka yako. Ule wa Babu ulinifika kifuani, na mawe yake yote yalipita mikononi mwake na mwa Bibi. Sasa mikono ile ilikuwa imepewa ardhi isiyo na jiwe na haikujua ifanye nini.

"Unaona," akaniambia mchana tulipoketi, akivunja bonge la udongo kwa vidole, "huu ni udongo wa mtu mwenye bahati." Alisema kwa furaha ya kweli, bila wivu. Kisha akanionyesha jinsi ya kushika jembe ili mgongo usiniume, maana aliona nilivyokuwa nateseka.

Tuliporudi Goma mwezi wa sita, alitaka kwanza kuona. Mti wa mpakani mwa shamba ulikuwa umesimama, upande mmoja umeungua, na baada yake mawe meusi yaliyojikunja kama kamba, bado na joto chini ya viatu, moshi ukitoka kwenye nyufa. Babu alisimama kwenye mti ule, akageuka, akahesabu hatua. Ishirini, thelathini, arobaini. Akasimama mahali ambapo mimi sikuona tofauti yoyote. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Halafu akainama, akaokota kipande cha jiwe jipya, akakiweka kando taratibu, pale ambapo ukuta ungekuwa.

Jamaa mmoja wa Rusayo alimwazima kipande cha ardhi. Mwanzoni mwa Septemba, kabla ya mvua kushika, majirani wa zamani wa Buhene walianza kufika kwa Mama, mmoja mmoja, na makopo mikononi. Habari za gunia zilikuwa zimetembea. Wote walikuwa wamepoteza mavuno yakiwa shambani, na bei ya mbegu sokoni Virunga hawakuiweza. Babu alimjazia kila mmoja kopo lake, akaelewana naye arudishe kopo hilohilo baada ya mavuno, lisizidi. Kilichobaki tulikwenda kukipanda Rusayo, mimi na yeye, siku mbili. Kule mawe yapo. Jembe lililia kila mara, naye alionekana amefika nyumbani.

Alivuna Januari, akatenga sehemu yake kama kawaida, akapanda Februari. Aprili 2022 homa ilimshika, na wiki haikuisha. Kwenye kilio walikuja watu ambao sikuwajua, na wanne kati yao walikuja na kopo la maharagwe, wakalipeleka moja kwa moja kwa Mama bila kueleza.

Mama hakuyapika. Aliyaanika, akayamimina pamoja na yale aliyoyaacha Babu, mekundu, ya manjano, meusi, ya madoa, akakoroga na majivu, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ileile.