Kabla hujasema "Wachina wako hivi": hukou, mwaka wa kuzaliwa na mwajiri

Kijana anayeanza kazi kwenye kampuni ya Kichina Dar es Salaam au Nairobi, au anayejiandaa kwenda kufuata mzigo Guangzhou, huwa tayari ana China yake kichwani. Kwa mmoja ni nchi ya watu wasiochoka, kila raia kapewa alama na serikali, wote wanawaza jambo moja. Kwa mwingine ni treni za mwendo kasi na maghorofa tu. Zote mbili ni China za kwenye skrini, na hakuna hata moja inayoweza kumweleza kwa nini fundi aliyemshonea mabegi mazuri mwezi wa kumi na mbili hakurudi kiwandani baada ya sikukuu.

Yapo maswali matatu yanayofungua mambo mengi kuliko hizo picha: hukou ya huyu mtu iko wapi, kazaliwa mwaka gani, na anamfanyia kazi nani. Tuanze na la kwanza, kwa sababu ndilo wageni wasilolijua kabisa na ndilo zito kuliko yote.

Hukou ni usajili wa kaya ulioimarishwa kisheria mwaka 1958. Kila raia ana hukou ya mahali fulani, na kwa kawaida anairithi kwa mzazi. Leo hakuna anayemzuia mtu wa kijijini Henan kwenda kupanga chumba Shenzhen na kuajiriwa huko. Ila hukou haimfuati. Shule ya umma ya mtoto, ruzuku ya matibabu, pensheni, haki ya kufanyia mtihani wa kuingia chuo kikuu: mengi kati ya haya yamefungwa alikosajiliwa, si anakolala. Mwishoni mwa 2024 watu 67 katika kila 100 walikuwa wanaishi mijini, lakini wenye hukou ya mjini walikuwa karibu nusu tu ya Wachina wote. Takwimu za serikali zinahesabu watu wa vijijini wapatao milioni 300 wanaofanya kazi zisizo za kilimo, zaidi ya nusu yao wakiwa mbali na kwao.

Chukua mtihani wa taifa wa kuingia chuo, gaokao, unaoanza kila mwaka Juni 7. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Mkoa wa Henan peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni 1.3, Beijing kama elfu 67. Vyuo vikuu hugawa nafasi kwa mikoa, na viwili vinavyotamaniwa kuliko vyote, Tsinghua na Peking, viko Beijing na vinawapa watoto wa Beijing nafasi nyingi kwa uwiano wa idadi yao. Kwa hiyo mtoto wa muuza mboga aliyezaliwa na kukulia Beijing, lakini mwenye hukou ya Henan, kwa kawaida hurudishwa Henan kusomea sekondari ya juu na kufanya mtihani pamoja na hao wengine zaidi ya milioni. Wazazi wengi hawasubiri mpaka hapo: wanamwacha kwa bibi tangu mdogo.

Sasa rudi kwa fundi wako. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina kiserikali ni siku nane hivi, lakini viwanda vya pwani husimama wiki mbili mpaka nne. Kwa wafanyakazi wengi hiyo ndiyo nafasi kubwa ya mwaka ya kumwona mtoto. Wanaanza kuondoka wiki moja au mbili kabla, wakishalipwa bonasi, na wengine hawarudi: wamepata kazi karibu na kwao, au kiwanda cha jirani kimeongeza mshahara. Mwenye kiwanda anajaza pengo kwa watu wapya. Ndiyo maana mzigo unaotengenezwa wiki za kwanza baada ya sikukuu huwa na kasoro nyingi kuliko kawaida, na bei za meli hupanda kabla ya sikukuu kwa sababu kila mtu anakimbiza kontena.

Mwaka 2027 sikukuu itaangukia Februari 6. Anayetaka mzigo utoke kabla yake aweke oda mwanzoni mwa Novemba, akubaliane tarehe ya ukaguzi isizidi wiki ya kwanza ya Januari, na asilipe ile asilimia 70 iliyobaki (utaratibu uliozoeleka ni 30 mwanzo, 70 kabla ya kupakia) mpaka mkaguzi wake amefungua maboksi. Anayeshindwa kuwahi ni heri asubiri mzigo utakaotengenezwa mwishoni mwa Machi. Kuna pia mapumziko ya Oktoba 1 hadi 7, na utaratibu unaowachanganya wageni kila mwaka: baadhi ya Jumamosi na Jumapili hugeuzwa siku za kazi kufidia sikukuu. Kalenda rasmi hutolewa mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Itafute mapema.

Hukou imelegezwa, hilo lisemwe. Miji midogo na ya kati sasa humsajili karibu yeyote anayetaka. Ugumu umebaki kwenye miji mikubwa, yaani ile ile ambayo watu wanaitaka. Beijing ilianza mfumo wa pointi mwaka 2018: uwe umechangia hifadhi ya jamii miaka saba mfululizo, halafu ushindanie nafasi elfu sita hivi kwa mwaka, katika jiji la watu zaidi ya milioni 20. Na wapo wanakijiji wasioitaka hukou ya mjini hata wakipewa, maana wanahofia haki yao ya shamba na kiwanja.

Pengo la kipato linafuata mstari huo huo. Mwaka 2024 wastani wa kipato kilichobaki mkononi kwa mtu wa mjini ulikuwa yuan 54,188 kwa mwaka, wa kijijini 23,119. Mwaka 2020 Waziri Mkuu Li Keqiang alisema hadharani kwamba watu milioni 600 walikuwa na kipato cha yuan elfu moja hivi kwa mwezi. Kauli hiyo iliwashtua hata Wachina wa mijini. Kwa hiyo mtu akikwambia "Wachina siku hizi ni matajiri", muulize wa wapi.

Swali la pili, mwaka wa kuzaliwa. Wachina wenyewe hupanga watu kwa makumi: waliozaliwa baada ya 80, baada ya 90, baada ya 2000. Mzee wa miaka ya 50 ameiona njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, na vyuo vilivyoacha kupokea wanafunzi kwa mtihani tangu 1966 mpaka mtihani uliporejeshwa mwaka 1977. Mjukuu wake amekulia kwenye simu. Kuwaweka kapu moja ni uvivu.

Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu tangu 1980 hadi 2015, nayo haikuwa moja kwa wote: katika mikoa mingi mkulima aliyezaa binti kwanza aliruhusiwa mtoto wa pili, na makabila madogo yalikuwa na nafuu zao. Ilibana hasa mijini. Mhandisi wa Shanghai mwenye miaka 35 leo ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto pekee aliyeoa mtoto pekee, wazazi wanne juu yao. Akikataa kuongezewa mkataba wa miaka mitatu Afrika, usidhani amelidharau bara. Pengine hakuna mwingine wa kumpeleka baba yake hospitali.

Serikali iliruhusu watoto wawili kuanzia 2016, watatu 2021, na bado watu wanapungua tangu 2022. Ndoa zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 13 mwaka 2013. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1. Sababu wanazozitaja vijana ni nyumba, gharama ya kusomesha, saa za kazi, na kwa wanaume wa vijijini, mahari. Ndiyo, mahari ipo China, inaitwa caili, na safari hii mlinganisho na kwetu ni wa kweli: inajadiliwa na wazee, inapanda bei, na serikali inaikemea bila mafanikio makubwa. Inapanda zaidi vijijini kwa sababu sensa ya 2020 ilihesabu wanaume karibu milioni 35 zaidi ya wanawake, na mabinti wengi wa kijijini wameshaondoka kwenda mjini.

Swali la tatu, mwajiri. Wachina hutofautisha walio ndani ya mfumo, yaani watumishi wa umma, walimu na madaktari wa serikali, mashirika ya umma, na walio nje. Zamani wenye ndoto walikimbilia nje ya mfumo. Upepo umegeuka: mtihani wa utumishi wa umma wa serikali kuu kwa mwaka 2025 ulipata waombaji milioni 3.4 waliokidhi vigezo, kwa nafasi zisizofika elfu 40. Ukiona hivyo, ile hadithi ya taifa linalopenda kuchapa kazi saa 12 kwa siku inayumba. Sheria ya kazi yenyewe inasema saa 8 kwa siku, ovataimu isizidi saa 36 kwa mwezi, ilipwe asilimia 150 siku za kazi, 200 siku za mapumziko, 300 sikukuu. Ratiba ya 996, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita kwa wiki, ilipingwa waziwazi na wafanyakazi wa teknolojia mwaka 2019, na Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu ikatamka kuwa ni kinyume cha sheria. Bado ipo. Wanaofanya hivyo wanaogopa kufukuzwa, hasa wakikaribia miaka 35, umri ambao makampuni mengi binafsi huanza kukwepa kuajiri.

Kwa aliye Afrika Mashariki tofauti hii ina kazi ya kila siku. Shirika la umma la ujenzi kama CCECC, ambalo chimbuko lake ni idara ya wizara ya reli iliyoshughulikia ujenzi wa TAZARA, lina ngazi, na meneja wa hapa anasubiri kibali cha Beijing. Ukimbana akujibu leo atakupa jibu lisilo na maana, kwa adabu. Kampuni binafsi huamua haraka, na hubadilika haraka pia. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, karibu haiuzi simu nyumbani China. Wapo Wachina wengi ambao hawajawahi kuziona. Usitarajie mwajiriwa wake afikiri kama mtu wa shirika la reli.

Halafu ile alama ya serikali tuliyoitaja mwanzoni. Hakuna alama moja ya serikali inayopewa kila Mchina. Mpango wa serikali wa 2014 wa kupima uaminifu wa watu na makampuni ulizaa mambo mengi yaliyotawanyika: majaribio ya miji, hifadhidata za wizara, na orodha nyeusi. Inayouma kweli ni ya mahakama, tangu 2013: mtu aliyeshindwa kesi na ana uwezo wa kulipa lakini hataki, anazuiwa kununua tiketi ya ndege na ya treni ya mwendo kasi. Alama za Zhima, kati ya 350 na 950, ni za kampuni ya Ant, wenye Alipay, za kukodi baiskeli bila amana na mambo kama hayo. Ufuatiliaji wa kamera na simu upo, na ni mkubwa, mkoa wa Xinjiang kuliko kwingine. Lakini ni jambo jingine, na kuuchanganya na alama kunaficha yote mawili.

Sehemu kubwa ya mpango huo wa 2014 inahusu makampuni, na hapo unaweza kuutumia. Mwombe muuzaji leseni ya biashara. Ina msimbo wa tarakimu na herufi 18. Uingize kwenye tovuti ya taifa ya taarifa za makampuni, gsxt.gov.cn, ambayo inafanya kazi kama upekuzi wa BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania (kuifungua kutoka nje ya China wakati mwingine kunasumbua, mwombe aliye kule). Angalia jina la Kichina, maana la Kiingereza halina nguvu kisheria, mwakilishi wa kisheria, mwaka wa kuanzishwa, shughuli zilizoruhusiwa, na kama imo kwenye orodha ya kampuni zenye kasoro. Mtaji mkubwa ulioandikwa usikutishe: kabla ya sheria mpya ya Julai 2024, inayodai ulipwe ndani ya miaka mitano, mtu aliweza kuahidi kiasi chochote. Mkataba uwe na mhuri mwekundu wa duara wenye jina hilo hilo la Kichina, na akaunti ya benki iwe ya jina hilo hilo. Ukiambiwa utume kwenye akaunti ya mtu binafsi "kwa sababu ya kodi", simama hapo.

Malipo ya kawaida: sajili programu za simu za Alipay na WeChat kabla ya kusafiri, kwa pasipoti na kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hukatwa asilimia 3. Noti za yuan chukua kidogo pia. Muuzaji haruhusiwi kukataa fedha taslimu, ingawa chenji ni shida. WhatsApp na Google zimefungwa, ila laini ya nyumbani ikiwa kwenye rominga kwa kawaida huzifungua.

La mwisho ni mazungumzo. Wachina wanalalamika sana: kuhusu mshahara, maji, kelele za ujenzi. Kila jiji lina namba 12345 ya malalamiko, na inapigwa. Wanachokwepa ni kukilaumu chama hadharani, Taiwan, Tibet, Xinjiang na maandamano ya Tiananmen ya mwaka 1989. Kanuni za 2017 zinamwajibisha mwenye kundi kwa yanayoandikwa ndani yake, hivyo ukitupia swali la siasa kwenye kundi la WeChat la kazini, mwenzako aliyelifungua ndiye unayemtia matatani. Akinyamaza, usimhesabu kuwa amekubali wala amekataa. Swali la aina hiyo, kama ni lazima, liulize mkiwa wawili, mkitembea, na yeye mwenyewe akiwa ameianzisha mada.