Nilianzia kwenye kamba, si kwenye gari

Kila tukisimamisha Land Rover yetu Buhongwa, hapa Mwanza, kunywa chai, vijana wanaizunguka na maswali yale yale: injini ya ngapi, tairi umezitoa wapi, inakula mafuta kiasi gani. Huu ni mwaka wa tatu nashiriki mashindano ya magari ya porini, yale ya kujinasua kwenye tope na makorongo kwa winchi, ile mashine ya kuvuta inayokunja kamba kwenye ngoma yake, na sijawahi kuulizwa na mtu kuhusu kamba. Mimi siendeshi, anaendesha kaka yangu. Mimi ndiye ninayeshuka na kamba, yule ambaye kwenye malori tungemwita tandiboi. Na nilianza kuijifunza kazi hii mwaloni Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kabla sijajua gari lina gia ngapi.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Mtumbwi mkubwa ukiletwa kukalafatiwa ulipandishwa mchangani juu ya magogo, na ilihitajika nguvu ya wanaume wanane au kumi. Siku moja walipatikana watano tu. Baba akafunga kapi mbele ya mtumbwi, ncha moja ya kamba akaifunga kwenye shina la mkuyu, akaipitisha kwenye gurudumu la kapi na kuirudisha nchi kavu, wale watano wakaishika. Mtumbwi ukapanda. Wao wakirudi nyuma hatua mbili, wenyewe unasogea hatua moja, lakini ulipanda mpaka juu. Nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza baba ndani ya kapi kuna nini. Akasema, "Mwanangu, hamna kitu humo. Linakukopesha nguvu, nawe unalilipa kwa mwendo."

Miaka ishirini baadaye kaka alinunua Land Rover 110 chakavu mnadani, akaanza kuzungumzia mashindano. Kwa asiyeyajua, ni hivi: waandaaji hutafuta eneo baya kuliko yote, wakaweka vitoboleo vya kutobolea kadi mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kupeleka gari, kama chini ya korongo au katikati ya dimbwi. Kila gari lina watu wawili na kadi moja. Kadi imefungwa kwenye gari kwa kamba fupi, kwa hiyo huwezi kukimbia kwa miguu ukatoboa ukarudi. Lazima gari lenyewe lifike. Unapewa dakika 20 au 30 kwa kila sehemu, na ukikata utepe wa mpaka unapunguziwa pointi. Jirani zetu Kenya wana Rhino Charge tangu 1989, ambayo sheria zake ni tofauti: vituo 13, saa 10, na anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi, huku fedha zinazochangwa zikienda kwenye hifadhi ya misitu na wanyama. Hata Tanzania si wageni wa mambo haya. Mwaka 1991 Camel Trophy, mashindano ya kimataifa ya magari ya porini, ilipita hapa kwetu kwenda Burundi.

Kaka alitaka kuanza na tairi kubwa na taa za juu. Nikamwomba tupige hesabu kwanza. Gari letu likiwa na mafuta, vifaa na sisi wawili lilikuwa kama tani 2.3. Mafundi wengi wanashauri winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito huo, yaani kama tani 3.5. Winchi zinauzwa kwa ratili, kwa hiyo tukachukua ya ratili 9,500, sawa na kilo 4,300 hivi. Ila ile namba iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba, ule ulioshika ngoma yenyewe. Kila tabaka linaloongezeka juu yake linapunguza nguvu. Mtu anayefunga gari kwenye mti ulio mita nne mbele, kamba yote ingali imejaa kwenye ngoma, anaitumia winchi yake ikiwa dhaifu kuliko wakati wowote. Heri aende mti wa mbali, au arudishe kamba kupitia kapi. Hapo inabidi uangalie na kapi lenyewe umelifunga wapi. Likiwa mtini na ncha ya kamba ikarudi kufungwa kwenye gari lako, nguvu inakaribia mara mbili. Likiwa mtini lakini ncha imefungwa kwenye mti mwingine au kwenye gari lingine, limegeuza tu mwelekeo, na mkanda unaolishikilia kapi mtini unaweza kubeba karibu mara mbili ya mvuto wa kamba.

Mazoezi tulifanyia mbuga za Misungwi, si za wanyama bali za tope, kwa ruhusa ya mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji. Anayejua udongo mweusi wa Usukumani anajua ninachosema. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu. Mvua ya vuli ikinyesha siku mbili, unageuka ugali. Gari halitelezi humo, linanyonywa. Kuna kipimo ambacho waokoaji wa magari hutumia, nami nimekiona kinafanya kazi: tope likifika usawa wa rimu, hesabu kwamba unavuta uzito mzima wa gari, likifika kwenye madigadi, hesabu mara mbili.

Na mbuga haina miti. Jumamosi ya pili tulizama mpaka kwenye madigadi katikati ya majaluba ya mpunga yaliyokwisha vunwa, na mti wa karibu ulikuwa mwarobaini mmoja ulio kama mita mia mbili. Kaka alizima gari akanitazama. Nikatoa tairi la akiba, jembe na chepe. Mita ishirini mbele ya gari nilichimba shimo la kina cha kiuno, refu kidogo kuliko tairi, upande ulio karibu na gari nikiuacha wima kama ukuta. Kisha nikachimba kijitaro chembamba cha kushuka, kutoka upande wa gari hadi chini ya shimo, ili mkanda uvute tairi kwa chini badala ya kulinyanyua. Nikapitisha mkanda kwenye tundu la rimu, nikausimamisha na mpini wa chuma kwa nyuma, tairi likasimama limeegemea ule ukuta. Tukafukia na kushindilia kwa miguu, sisi wawili tukikanyaga kama wanaokanda matofali. Ilichukua saa moja na robo. Winchi ilipoanza kuvuta, udongo mbele ya tairi ukavimba kidogo, nikadhani umeshindwa. Ukatulia. Halafu ikasikika ile sauti ya mbuga inapoachia gari, kama mtu anavuta mguu kutoka kwenye gambuti, na Land Rover ikasogea. Baba angekuwepo angesema hiyo ni nanga tu, na mtu wa ziwani hashindwi nanga.

Tulikosea pia, na kosa moja lingeweza kuniua. Tulinunua pingu za chuma za kuungia kamba kwenye duka moja la mjini kwa sababu zilikuwa nzito na zinang'aa. Hazikuwa na maandishi yoyote. Katika mvuto wa tatu pini ya mojawapo ilipinda kama kidole kilichovunjika. Haikukatika, namshukuru Mungu, lakini haikufunguka. Nilikaa chini ya bampa dakika arobaini na nyundo na spana, mikono ikitetemeka, kwa kuwa nilikuwa najua ingekatika kipande kile kingeruka wapi: nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Tangu siku hiyo sinunui pingu isiyoandikwa uzito wake wa kazi kwenye chuma chenyewe. Zile za milimita 19 zilizo halali huwa zimeandikwa tani 4.75, maandishi unayapapasa kwa kidole. Na sisimami tena usawa wa kamba iliyokaza, wala siivuki, hata kama kadi iko upande wa pili na zimebaki sekunde kumi.

Kuhusu waya au kamba ya sintetiki, watu wanabishana sana. Sisi tulianza na waya kwa sababu ulikuja na winchi. Waya ni mgumu, hauogopi jua, lakini nyuzi zake zikianza kukatika zinachoma glavu mpaka kiganjani, na ukikatika wote unarudi kama fimbo. Ndiyo maana lazima uuwekee blanketi zito katikati ili uanguke. Kamba ya sintetiki ni nyepesi, naibeba begani nikikimbia, na ikikatika hairudi kwa hasira ile. Adui zake ni jua, joto, mchanga na mawe. Tulipofanya mazoezi kwenye mawe ya Kisesa, hayahaya ya matale tunayojivunia hapa Mwanza, ukingo mmoja wa jiwe ulinichania kamba mpya kama msumeno ndani ya mvuto mmoja. Sasa natembea na magunia mawili matupu. Nayakunja na kuyaweka kila mahali kamba inapogusa jiwe. Na mtini sifungi kamba tupu. Natumia mkanda mpana, chini kabisa ya shina. Mti wa mtu ukichunwa gome kuzunguka unakufa, na mwakani mwenye shamba atakufukuza akiwa na haki.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko yote ni kuelewana. Injini inanguruma, winchi inalia, kaka yuko ndani ya kofia ngumu, hasikii neno. Tukakubaliana ishara: kidole kinachozunguka juu ni vuta, ngumi ni simama, kiganja kinachoshuka ni legeza. Na tukakubaliana kwamba ngumi yangu haijadiliwi. Kwa kaka mkubwa kumtii mdogo wake wa kike mbele ya watu si jambo dogo, nami nilimheshimu zaidi kwa hilo. Miezi miwili tulirudia ishara hizo hata nyumbani, yeye akirudisha gari uani na mimi nikiwa langoni.

Shindano letu la kwanza lilikuwa dogo, magari saba, upande wa Magu kwenye bonde la mto Simiyu. Sehemu ya tatu ilikuwa na vitoboleo sita ndani ya dakika 30. Vitatu tulivipata haraka. Cha nne kilikuwa kimetundikwa kwenye ukwaju juu ya ukingo wa korongo, na ukingo ulikuwa wa udongo mlaini uliosimama karibu wima. Nikapanda na kamba, nikafunga mkanda kwenye ukwaju wenyewe, nikashuka pembeni, nikazungusha kidole. Gari likainua pua, likafika katikati, likagoma. Winchi ikabadilika sauti, ikawa nzito, na taa za mbele zikafifia mpaka rangi ya chungwa. Hiyo ni betri inaomba msaada. Winchi ikilemewa hivyo inanyonya zaidi ya ampea 400, na ukiing'ang'aniza unaunguza mota.

Nikafunga ngumi. Watu pembeni wakapiga kelele, "Vuta! Vuta, linapanda!" Kaka aliachia rimoti palepale.

Akalirudisha gari chini taratibu. Nilibeba kapi mpaka juu, nikalifunga kwenye ule mkanda, nikashuka na ncha ya kamba na kuiunga kwenye ndoano ya shasi mbele ya gari. Glavu zilikuwa zimelowa tope, pini ya pingu ikawa inateleza vidoleni. Niliikaza mpaka mwisho, nikairudisha robo mzunguko isije ikagoma kufunguka, kisha nikamwambia kaka apandishe moto wa injini asubiri. Dakika sita zilipita hivyo. Kidole juu. Safari hii winchi haikulia. Kamba ilikuwa inaingia taratibu, gari likapanda kwa mwendo wa mzee anayepanda ngazi, na lilipofika juu nilinyoosha kadi, nikasikia "tak" ya kitoboleo. Cha tano hatukukifikia, muda uliisha. Tulimaliza wa nne kati ya saba, na magari mawili yaliyokuwa na injini kubwa kuliko yetu yaliishia chini ya ukingo ule ule, moja likiwa na mota ya winchi inayotoa moshi.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na nini, nampa jibu moja: glavu za ngozi, mkanda mpana, pingu mbili zilizoandikwa tani, na kapi. Kisha atafute gari la mtu mwingine awe tandiboi wake kwa msimu mmoja. Pale kila gari linatafuta mtu wa kamba, na madereva wanaofaa wapo tele. Tairi kubwa zitakuja. Mabomba ya kupumulia difu yainuliwe juu kabla hujaingia majini, hayo hayagharimu sana.

Siku iliyofuata shindano lile nilipeleka kamba Igombe kuiosha, maana mchanga ukibaki kati ya nyuzi unaila kwa ndani. Niliitandaza yote kwenye maji ya kina cha magoti, nikawa naipitisha mkononi hatua kwa hatua. Babu mmoja aliyekuwa akifanya kazi na baba alikuja akasimama ukingoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona kamba yako haizami?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo, inaelea. Akavua kandambili, akaingia majini, akaiinua kwa vidole viwili, akaipima uzito, akaivuta kati ya mikono yake. Akauliza hii inashika kiasi gani. Nilipomwambia, alinyamaza muda mrefu akiangalia mtumbwi wake. Kipande kilichochanwa na jiwe la Kisesa nilikuwa nacho bado nyuma ya gari, mita nane zilizo nzima. Nikaenda kumletea.