Euro 1,250 za bushi, na fundi wa Barani

Nina karatasi hapa mezani imeandikwa preventivo, yaani makadirio, euro 1,250 kubadilisha bushi za gari. BUSHI. Nyinyi wa nyumbani Kenya pigeni kwa 150 mpate shilingi, mjionee wenyewe, halafu mkumbuke gari yenyewe niliinunua euro 3,800 na bado nalipia bima kama mtu mwenye shamba.

Gari ni Mazda MX-5 ya 1999, ile ya viti viwili, paa unaikunja nyuma kwa mkono. Makosa yangu ni kutuma picha kwa grupu ya familia. Tangu siku hio mimi ni tajiri. Mamangu alinyamaza siku mbili, ya tatu akanipigia, "mwanangu, hio gari haina paa, na nyumba yako hapa Malindi haina paa, sasa wewe utalala wapi?" Binamu yangu wa Muyeye naye anataka nikichoka nayo niishushe Kilindini, nkamwambia gari ina miaka zaidi ya 25 na Kenya mwisho ni miaka 8, halafu usukani uko kushoto, akanijibu "tutaongea na mtu." Haya.

Ilianza kulia kok kok nikipita matuta, halafu nikishika breki inavuta upande kama ngamia. Huku Italia kila miaka 2 lazima uipeleke gari kwa ukaguzi, euro 79, sio kama kule unapunga mkono kwa afande mambo yakaisha. Wakaitingisha magurudumu, wakaandika ripetere, yaani katengeneze urudi ndani ya mwezi.

Kwa asiyejua, bushi ni kile kipande cha raba kilichobanwa kati ya bomba mbili za chuma, pale mkono wa gurudumu unaposhikana na bodi. Raba ikipasuka gurudumu linacheza, tairi inalika upande wa ndani, unanunua mpya kila mara ukidhani ni tairi mbovu. Na hii gari ni ya spoti, kila gurudumu lina mkono wa juu na wa chini, mbele na nyuma, bushi zake zinapita kumi na tano. Sio Probox.

Basi nikaenda gereji. Kijana wa mapokezi akaniangalia mimi, akaiangalia gari, akauliza "è tua?" ni yako? Wallahi hakuniambia habari ya asubuhi. Na mjue Kitaliano changu ni cha bichi, nimejifunza pale Malindi nikiuzia watalii safari za boti kwenda matumbawe, nilipofika huku nikawa namwita kila mtu "tu", yaani wewe ya marafiki, mpaka daktari, nikafunzwa kwa aibu kwamba mtu usiyemjua unamwambia "Lei", wewe ya heshima. Nikajifunza. Sasa mimi ndio namwambia yeye "Lei" na yeye ananiambia "tu", halafu mwisho ananipa karatasi ya 1,250 na kuniita amico, rafiki. Amico! Neno lile lile nililokuwa nawaita wao nikitaka kuwauzia kikoi kwa bei mara tatu. Pengine ni malipo.

Na kazi ya mkono ndio pesa yenyewe, spea hazifiki 250. Wanakuhesabia saa, na wakasema saa zitakuwa nyingi manake bolti zimeshika kutu. Hapo siwezi kubisha. Mimi mtoto wa Malindi chumvi naijua, Gongoni na Marereni kule wanaivuna mpaka inakuwa vilima, lakini sijawahi kuona watu wanaoimwaga barabarani kwa makusudi. Huku baridi ikija wanamwaga ili barafu iyeyuke, na chumvi inaingia ndani ya bushi, bolti na lile bomba la katikati vinaoana, talaka hakuna.

Usiku nikampigia fundi wa Barani, pale pale Malindi, aliyekuwa anatengeneza matatu ya marehemu babangu. Sijaongea naye miaka. Nikamwekea simu kwenye video nikaitingisha gari, hata sijamaliza akasema, "Zima, zima, nimeskia. Bushi za chini, mbele zote mbili, na nyuma usiniambie ziko sawa." Hii ni kwa WhatsApp, yeye yuko chini ya mwarobaini, mimi niko Torino.

Mzee wa Kitaliano wa ghorofa ya chini, mstaafu wa kiwanda, akanifungulia gereji yake bila kuniuliza gari ni ya nani. Ana vaisi kubwa, ile ya kubania vyuma, imefungwa kwenye meza ya mbao. Akakaa kwenye kiti, fundi akakaa kwenye simu iliyosimamishwa juu ya debe, wakawa wanagombana kupitia kwangu, mmoja Kiswahili mmoja Kipiemonte, lugha ya wazee wa huku, na mara nyingi walikuwa wanasema kitu kimoja. Bolti mbili za nyuma tulizikata kwa msumeno. Bushi za zamani unatoboa raba kwa drili mpaka bomba la kati lichomoke, halafu unapitisha upanga wa msumeno ndani ya tundu unakata lile bomba la nje polepole, ukizidisha unakata na mkono wenyewe. Mpya nilikuwa nimezilaza kwenye friza usiku kucha, karibu na sambusa za Ramadhani, mke wangu hajanisamehe. Zikitoka baridi zinakuwa zimenywea kidogo, unapaka maji ya sabuni, unazivuta ndani kwa bolti ndefu na soketi, zinaingia zikilalamika.

Vijana wa mtandaoni walinishauri ninunue zile ngumu za plastiki, fundi akasema, "Hizo za mashindano. Utaskia kila kijiwe kwenye uti wa mgongo, na grisi ikikauka italia kama bata." Nikachukua za raba.

Kitu alichonirudia mara kumi: usikaze bolti za mikono gari ikiwa juu ya jeki. Raba inafanya kazi kwa kujinyonga, ukiikaza mkono ukiwa unaning'inia, gari ikishuka raba inabaki imejinyonga siku zote na inapasuka mapema. Shusha kwanza uzito ukae kwenye magurudumu, ndio ukaze. Siku mbili kamili tumefanya, magoti yangu hayaniambii kitu kizuri.

Na wewe unayenitumia inboksi "kaka nipe mchongo wa Italia," jua kwanza leseni yako ya Kenya ukishaandikishwa mkaazi inakufaa mwaka mmoja tu. Halafu unaenda shule upya, mtihani ni maswali 30 kwa dakika 20, makosa ukipita 3 umeanguka, na mimi niliufanya kwa Kitaliano, sio kile cha bichi. Ukijua kazi ya mikono njoo nayo. Usije na picha za gari.

Fundi nikamuuliza nimtumie ngapi, akacheka, akasema elfu mbili ya kuangalia. Mimi huyu nilikuwa namkatia mia mbili pale Barani nikimwita mwizi. Nikamtumia elfu kumi na picha ya gari imeoshwa, imesimama kwenye uwanja.

Ikapita nusu saa. Ikaja sauti: "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa hebu angalia hio nyuma kushoto, mbona imesimama juu kuliko kulia? Hapo umekaza kabla hujashusha. Rudi ukalegeze."

Nimelegeza leo asubuhi. Ikashuka vidole viwili.