Yoga Juu ya Kiti, Leso Mkononi

Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mtoto. Darasa la kwanza la yoga nililolijaribu, huko Nyali, Mombasa, lilikuwa ghorofani bila lifti. Nilipofika juu nikitweta na mkongojo wangu, mwalimu aliniomba kwa upole nikae pembeni nitazame. Sikurudi tena.

Kilichonibadilisha mawazo ni habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1918, ambaye baada ya utoto uliojaa maradhi alikuja kufundisha kwa kutumia viti, mikanda, vipande vya mbao na kuta, ili mwili usioweza kuufikia mkao fulani usaidiwe badala ya kulazimishwa. Basi nyumbani kwangu Mji wa Kale, kabla jua halijawa kali, hukiegemeza kiti ukutani kisiteleze na kuanza. Leso ya mama, yaani kanga yake (hajui bado kwamba nimeichukua), ndiyo mkanda wangu: huipitisha chini ya unyayo, nikauinua mguu polepole, na pumzi ikianza kukatika najua nimevuka mpaka. Polio hudhoofisha misuli bila kuondoa hisia, kwa hiyo maumivu hunionya mapema. Mwenzangu aliyeumia uti wa mgongo huenda asipate onyo hilo, naye hulazimika kuikagua ngozi yake baada ya kila zoezi.

Mikao ya kusimama kwa mguu mmoja nimeiacha kabisa. Mabega, yanayoubeba mkongojo kutwa, ndiyo yaliyofaidika zaidi.